Makosa Thelathini na Moja

Jumamosi, 5 Machi 1994

Daftari hili nililinunua la kuandikia mahubiri ya Jumapili, lakini leo naliandikia hasira, maana imenijaa na sina mtu wa kumwambia.

Asubuhi Mumina, anayeuza magazeti na vitabu pale mbele ya maduka, alikuja kwenye meza yangu akaniambia, "Dada Asenath, wamempata mtu wa kuendeleza Barnaba." Nikamwuliza nani. Akasema ni kijana wa mtaa wa Umoja, anaitwa Javan Wesonga, umri miaka ishirini na sita. Nilikuwa nampigia mtu taipu barua ya kuomba kazi ya uaskari jela. Niliharibu karatasi mbili.

Miaka ishirini na sita. Mimi nina arobaini na tisa, na vijitabu vyote kumi na saba vya Mlinzi Barnaba vimepita chini ya vidole vyangu hapa hapa verandani Mbotela. Mzee Mutisya, mtunzi wake, alikuwa akiniletea karatasi zenye mwandiko kama nyayo za kuku, nami namtoa humo Barnaba mzima: mlinzi wa godauni ya Industrial Area, mguu wa kushoto mbovu, mtu anayewakamata wezi na wauaji bila kukimbia hata hatua moja, kwa kukaa langoni na kutazama tu. Mzee akikosea, mimi narekebisha. Akisahau, namkumbusha. Alipokufa Agosti iliyopita nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu.

Mwezi wa Novemba nilimpelekea mchapishaji sura tatu za kijitabu cha kumi na nane, nilizozitunga mwenyewe. Sikujibiwa hata mstari mmoja. Hilo hakuna anayelijua, na hakuna atakayelijua.

Jumatatu, 7 Machi

Jua kali. Wateja wanne, wote barua za mashamba.

Jumamosi, 12 Machi

Kama kila Jumamosi alasiri, tumekutana kwenye duka la kinyozi Owino kumsoma Barnaba. Owino hufunga kazi saa tisa, tunakaa kwenye mabenchi ya wateja, na Mzee Kweyu, karani wa reli aliyestaafu, ndiye msomaji kwa sababu sauti yake inafika hadi barabarani. Leo hapakuwa na kipya cha kusoma, kwa hiyo tulimsengenya mtu ambaye bado hatujamwona.

"Huyo kijana alikuwa darasa la tano Barnaba akikamata yule daktari feki," Owino alisema. "Atajua nini?"

"Tumpe nafasi kwanza," Mumina akasema.

"Nafasi ya nini? Hii si timu ya mtaa."

Mzee Kweyu akasema kumwendeleza Barnaba wa mtu mwingine ni sawa na kurithi mjane: unaweza kulala kitandani, lakini watoto wanajua wewe si baba yao. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumamosi, 19 Machi

Kijitabu cha kumi na nane kimetoka. Mumina alikileta kikiwa bado kinanuka wino.

Tulifika ukurasa wa tano tu, Barnaba akatia sukari kwenye chai. Owino aliinuka. Barnaba hunywa chai ya rangi kwa chumvi tangu kijitabu cha kwanza, tangu mkewe wa kwanza alipomwekea sumu kwenye sukari. Ukurasa wa tisa alikimbia. Mzee Kweyu alisimama kusoma, akavua miwani, akatutazama kama mtu aliyeletewa maiti isiyo yake.

"Ati alikimbia?" Owino akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa. 'Barnaba akatimua mbio.'"

"Barnaba hakimbiangi. Huyo ni mtu mwingine wamemvalisha koti."

Nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kutia alama. Tulipomaliza nilikuwa na makosa thelathini na moja, nikayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, na kila moja likipigiwa makofi. Sijawahi kupigiwa makofi katika maisha yangu. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo si ya Kikristo.

Jumapili, 20 Machi

Mgala muue na haki yake mpe. Ukurasa wa arobaini Barnaba amekaa langoni alfajiri na yule mama aliyeibiwa mtoto. Hawasemi kitu. Mama anamenya chungwa, anampa nusu, na Barnaba analishika mpaka kunapambazuka bila kulila. Nimeusoma mara nne. Mzee Mutisya hakuwahi kuandika ukurasa kama huo, wala mimi.

Sitamwambia mtu.

Jumatano, 23 Machi

Mvua imeanza. Nimeisogeza meza hadi ukutani, na wateja wamekimbia. Nimetumia nafasi hiyo kumpigia mchapishaji barua yenye makosa yote thelathini na moja, kila moja na ukurasa wake. Nimetia kaboni tatu. Nakala moja nimembandikia Mumina kwenye kibanda chake, moja kwa kinyozi, moja kwenye ubao wa kanisa kati ya tangazo la kwaya na la harambee. Mwisho wa barua nimeandika: "Tunaomba mwandishi huyu arudishwe alikotoka."

Jumanne, 29 Machi

Mvua. Watu wanasimama mbele ya kibanda cha Mumina kuisoma barua yangu wakicheka. Kijitabu chenyewe hawakinunui.

Jumamosi, 9 Aprili

Niandike yote kwa mpangilio.

Imenyesha tangu alfajiri. Tulikuwa watu wanane ndani ya duka la kinyozi, tukirudia kijitabu cha sita ili tusahau cha kumi na nane, wakati kijana mwembamba aliyejifunika mfuko wa nailoni kichwani alipochungulia mlangoni.

"Samahani wazee wangu. Hapa ndipo mnasoma Barnaba?"

Owino akamwambia aingie asinyeshewe. Akaingia, akatusalimu mmoja mmoja kwa mkono, akasema, "Mimi ni Javan Wesonga."

Akatoa barua yangu kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne na kulowa pembeni. "Nimekuja mnifundishe. Hii barua inasema makosa thelathini na moja. Nimeyakubali ishirini na nane."

"Na matatu yaliyobaki?" nikamwuliza.

"Hayo matatu, mama, naomba tuzungumze."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa chake, si changu. Nikamwambia mwanafunzi habishani na karatasi ya mtihani. Owino akaona pana mchezo. Akakipiga kofi kiti chake cha kunyolea. "Basi kaa hapa tukuulize maswali ya Barnaba. Ukikosa, mimi napitisha mashine kichwani mstari mmoja."

Javan akacheka, akaketi. Nadhani alifikiri hivyo ndivyo watu wa Mbotela wanavyompokea mgeni. Owino akamfunga shuka shingoni. Wakati wa kumtayarisha walimwuliza kwao ni wapi. Akasema ni Chwele, baba alishakufa, mama yake anaitwa Nekesa, na kila Krismasi humsomea mama huyo Barnaba kwa sababu hajui kusoma. "Yeye ndiye aliniambia niombe kazi hii," akasema. "Alisema Barnaba asiachwe langoni peke yake."

Nilimwuliza maswali tisa. Barnaba alizaliwa mwezi gani. Godauni ina makufuli mangapi. Mbwa wake wa pili alikufaje. Alijibu matano sawasawa. Manne alikosa, na mara nne Owino akapitisha mashine kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Baada ya mstari wa pili Owino alitaka kuacha. Nilimwambia mkataba ni mkataba. Nywele za kijana zilidondoka kwenye shuka, naye bado alikuwa akitabasamu, ingawa tabasamu lilikuwa limeanza kumchosha.

Kisha akanigeukia hapo hapo kitini. "Mama Asenath, kusema kweli nilikuja kwa ajili yako. Mchapishaji alinipa zile sura zako tatu nizisome. Nilitaka nikuombe tuandike pamoja."

Nilisikia mvua tu juu ya mabati.

"Sura gani?" Owino akauliza.

"Zile alizotuma mwezi wa Novemba akiomba kazi. Hazina kosa hata moja." Akasita, lakini ujana haujui kunyamaza. "Ila Barnaba wake anajua kila kitu, na hakuna kitu anachokitaka. Hapo ndipo nilifikiri mimi naweza kusaidia."

"Kumbe dada uliomba hii kazi?" Mumina akasema, bila ubaya wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee Kweyu alikohoa kicheko ndani ya leso. Owino hakujificha. Alicheka mpaka akashika meza. "Sasa nimeelewa hii thelathini na moja," akasema. "Kumbe ni wivu."

Javan akamwomba Owino ammalizie nywele, kwani hawezi kutembea hivyo. Owino akanyoosha mkono kuchukua mashine. Nikasema, "Asimalizie. Aende na alichokipata." Sijui kwa nini Owino alinitii. Labda alikuwa ananionea huruma. Kijana akajifungua shuka mwenyewe, akavaa mfuko wake wa nailoni kichwani, akatuaga kwa heshima, akatoka kwenye mvua.

Hakuna aliyemtazama akienda. Wote walikuwa wakinitazama mimi.

Jumapili, 10 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua. Watoto wa shule wamepita wakisema, "Yule mama wa thelathini na moja." Hapo zamani nilikuwa mama wa taipu.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimekwenda kwa kinyozi, kwa sababu nisingekwenda wangenisengenya, na nikienda wananihurumia. Nimechagua huruma.

Ili tusizungumze habari zangu, nilileta mzaha. Nikasema Javan Wesonga kama mwandishi ameshakufa, kilichobaki ni kutangazwa redioni. Wakapenda. Mzee Kweyu akaiga sauti ya mtangazaji: "Kwa huzuni nyingi tunatangaza kifo cha Javan Wesonga, aliyeuawa na sukari ukurasa wa tano." Mumina peke yake alisema kifo hakichezewi. Owino akasema, "Asenath, wewe si ndiye unaandikanga hizo matangazo? Tuandikie."

Nikaliandika hapo hapo gotini. Walicheka mpaka machozi, nami nikawa tena yule Asenath wa makofi.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimelipeleka redioni.

Naandika hapa ukweli, kwa kuwa daftari hili halina wa kulisoma. Kwa miaka ishirini nimewaandikia watu matangazo ya vifo, karibu kila siku moja, na siku za mvua mawili. Nayajua kuliko Sala ya Bwana. Jina la marehemu, mwana wa nani, wa wapi, mazishi lini, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Kila mteja anayetaka kuongeza "alikuwa mcha Mungu" au "alipenda watu" mimi humwambia: mama, usipoteze shilingi zako, kule kaunta wanafuta kila neno lisilo la fomu.

Tangazo nililopiga taipu leo lilisema wasomaji wa Mlinzi Barnaba, Mbotela, wanatangaza kifo cha mwandishi Javan Wesonga wa Umoja, mwana wa Nekesa wa Chwele, aliyeuawa na sukari ukurasa wa tano, na mazishi yatafanywa nyumbani kwao Jumamosi hii. Bila tarehe ya mazishi halipokelewi. Barua ya kuthibitisha kifo niliiandika mimi, kama ninavyowaandikia wengine. Karani alichukua kalamu, akafuta wasomaji, akafuta Barnaba, akafuta mwandishi, akafuta sukari na ukurasa. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Ningeweza kusema, "Hapana, ni mzaha, nirudishie."

Nilisema, "Asante."

Jumanne, 19 Aprili

Saa saba mchana, redio ya duka la jirani. Lilikuwa la tatu. Jina, mama yake, Chwele, Jumamosi. Sauti ileile inayowatangaza wote.

Owino alikuja mbio na mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake amebaki kitini. "Asenath. Ulipeleka?"

"Si tulikubaliana?"

"Tulikuwa tunacheka, Asenath."

"Na mimi nilikuwa nacheka."

Akarudi kazini. Nilidhani Javan mwenyewe angesikia, angekasirika, angetuma mtu kwao jioni hiyo hiyo, na mambo yangeisha kwa aibu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumatano, 20 Aprili

Limerudiwa leo. Mvua kubwa, Jogoo Road ni mto.

Jumamosi, 23 Aprili

Hakuna aliyekuja kumsoma Barnaba. Owino amefunga mapema.

Jumatatu, 25 Aprili

Mumina amepita mbele ya meza yangu akatazama upande wa pili. Owino amemwambia Mzee Kweyu, Mzee Kweyu hasemi. Wanajua wote, na wote waliicheka karatasi ile, kwa hiyo hakuna wa kunishtaki. Tumefungwa pamoja kama kuku wa sokoni.

Alhamisi, 5 Mei

Leo asubuhi mwanamke mwenye mimba kubwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Kanga ameifunga vibaya, macho mekundu. Akasema anataka tangazo la redio na hati ya kiapo.

"Pole mama," nikasema, kama kawaida. "Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Mume wangu walimtangaza na hakufa. Anaitwa Javan Wesonga. Mimi ni Khalayi, mke wake." Redio wamesema hawawezi kusahihisha mpaka aape kwa maandishi kwamba yuko hai.

Niliingiza karatasi kwenye mashine. Ilinichukua mara tatu ikae sawa. Yeye akasimulia, kwa kuwa watu hunisimulia. Meza ya taipu ni kama ya padri.

Javan alikuwa amekwenda Mwingi, kwa mjane wa Mzee Mutisya. Kuna watu wa Mbotela walimwandikia kwamba hamjui Barnaba, naye akaona aende akamwulize aliyeishi na mwenye Barnaba. Alikaa huko wiki nzima, mvua ilikata barabara. Redio iliposema amekufa, Khalayi alifikiri ni ajali ya njiani. Shemeji yake alizunguka vyumba vya maiti siku tatu akifunua watu nyuso. Kule Chwele, mama yake Nekesa alikuwa akipalilia maharagwe jirani alipomwita aje asikilize. Walichimba kaburi siku ya Ijumaa, maiti haijaonekana, kwa sababu redio ilikuwa imesema Jumamosi na watu walikuwa wameshaanza kufika.

Javan alirudi Umoja Ijumaa jioni, akakuta nyumba imefungwa na majirani wakimkimbia. Alisafiri usiku kucha. Alifika kwao Jumamosi saa nne, wakati wanaimba.

"Mama yake alipomwona alipiga kelele, akaingia nyumbani, akafunga mlango," Khalayi alisema. "Wazee walimzuia getini. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi hivi hivi. Walikata mgomba, wakaufunga shati lake, wakauzika kwa jina lake yeye akiwa amesimama pale. Mzee mmoja akasema mgomba hauwezi kwenda mikono mitupu, atoe kitu alichokuja nacho. Alikuwa na daftari la kitabu cha kumi na tisa na mambo yote yule mjane wa Mutisya alimwambia. Akalitumbukiza."

"Lote?"

"Lote. Akisema lolote kuhusu Barnaba sasa anatapika. Na mama yake hadi leo anamwita mgeni. Anampa chai, anamwuliza, mgeni, ulimjua mwanangu?"

Nikaandika: Mimi, Javan Wesonga, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kusema kwamba mimi ni hai. Nikatoa karatasi, nikampa. Akauliza ni kiasi gani. Nikamtajia bei, naye akalipa, nami nikapokea.

Ijumaa, 6 Mei

Mvua.

Jumamosi, 7 Mei

Mvua. Nilijaribu kusali, nikajikuta najiuliza mjane wa Mutisya alimwambia nini kuhusu Barnaba ambacho mimi sikijui.

Jumatano, 18 Mei

Barua kutoka kwa mchapishaji. Bwana Wesonga ameacha kazi kwa sababu za kifamilia. Wamezisoma tena zile sura zangu tatu. Kwa heshima wananiomba niendeleze Barnaba, kuanzia kijitabu cha kumi na tisa, na mkataba uko tayari mjini.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nilitegemea kuona aibu. Niliona furaha, tena nyingi, na aibu ikaja nyuma yake polepole kama mzee anayepanda ngazi.

Jumapili, 22 Mei

Nimekwenda Umoja. Nilijiambia naenda kuomba msamaha. Njiani nilijua naenda kuuliza lililokuwa ndani ya daftari.

Javan mwenyewe alinifungulia. Amenyoa kichwa chote. Akaniita mama, akanipa kiti, akamwambia Khalayi aandae chai. Mtoto amezaliwa, msichana, amelala kwenye beseni la nguo.

Nikamwambia nimepewa Barnaba. Akasema amesikia. Nikamwuliza kama anakumbuka alichokuwa amekiandika, japo kwa kifupi, isipotee kazi ya watu.

"Tangazo lilimtaja mama yangu kwa jina," akasema. "Hapa Nairobi nimelitaja jina la mama mahali pamoja tu, nikiwa kwenye kile kiti cha Owino. Na Owino hajui kupiga taipu."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Sikuiweka chini.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Na Khalayi alikuja kwangu bahati mbaya?"

"Nilimtuma. Alitaka kwenda kwa mpiga taipu wa hapa Umoja, karibu na nyumba. Nikamwambia hapana, nenda Mbotela, kwa yule mama. Nilitaka vidole vyako viandike kwamba niko hai. Nilifikiri ungesimama katikati, umwambie ukweli. Nilimngoja arudi aniambie umemwambia nini." Akamfunika mtoto vizuri zaidi. "Akarudi na risiti."

Mtoto alilia, Khalayi akamchukua kutoka kwenye beseni. Hakuwa amesikia, au alikuwa amesikia yote. Nilisimama. Mlangoni ndipo nilipoomba msamaha, na nilipojisikia nikiusema nilijua nimeuleta ukiwa umepoa, baada ya kukosa nilichokifuata.

"Andika, mama," Javan akasema. "Mtu wa kuandika ni wewe uliyebaki. Mimi sitamsoma." Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Jumatatu, 23 Mei

Nimetia sahihi.

Alhamisi, 26 Mei

Barnaba ameketi langoni. Nimemwandikia ukurasa mmoja, nikaurudia mara sita. Hauna kosa hata moja.

Jumamosi, 4 Juni

Mvua imekwisha. Asubuhi kulikuwa na baridi ya ukungu, halafu jua jembamba.

Nimekwenda kwa kinyozi kuwaambia mwenyewe, kabla hawajaambiwa kibandani kwa Mumina. Walikuwa tisa, na wawili sikuwafahamu. Niliwaambia kijitabu cha kumi na tisa kitaandikwa na mimi. Nilisubiri. Owino alikuwa akifagia nywele sakafuni, akaendelea kufagia.

"Sawa," akasema. "Tutaona."

Mmoja wa wale wageni akauliza, "Na yule aliyekufa? Yule Wesonga?" Alisema alisikia redioni, akanunua kijitabu kwa huruma, akakesha nacho. Mwenzake akasema ni kweli, ule ukurasa wa chungwa, hakuna aliyewahi kuandika hivyo, tena akiwa kijana, Mungu amlaze pema. Nilimtazama Owino. Nilimtazama Mzee Kweyu. Masahihisho yalitangazwa mara moja tu, asubuhi ya siku ya kazi, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo kusema kwamba mtu huyo yuko hai, yupo Umoja, na ana mtoto wa wiki tatu. Tukisema hivyo itabidi tuseme na mengine.

"Huyo alikuwa wa Barnaba kabisa," Mzee Kweyu akasema hatimaye, akitazama mikono yake. "Hawa wa kufuata wana kazi." Wakaitikia. Wakaanza kuhesabu mambo ambayo mwandishi mpya asipoangalia ataharibu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nimeketi katikati yao kana kwamba sipo.

Jioni Mumina alikuja kwenye meza yangu. Ni mara ya kwanza tangu Aprili kunisemesha. Alisema kijitabu cha kumi na nane kimemwishia, mjini hakipatikani, na watu wanakitafuta kila siku kwa sababu ya marehemu. Akaniuliza kama ninayo hata nakala moja, hata iliyochorwa.

Ninayo. Iko chini ya mto ninaolalia. Nilimwambia sina.